Pua ya Rodou

Kijijini kwetu, mtu akiwa na wasiwasi na mvinyo wake hakuupeleka maabara ya mjini. Aliutia kwenye kichupa, akakiziba kwa kitambaa, akapanda zile ngazi za mawe mpaka kwa Rodou. Rodou alifuta mikono kwenye aproni, akakipokea kichupa, akakipitisha chini ya pua mara moja. Mara moja, si mbili. Kisha akatoa hukumu. "Huu kunywa." Au, "Huu kautie kwenye kabichi." Basi, imekwisha, hakuna rufaa. Wanaume wazima wenye sharubu zao walishuka ngazi zile vichwa chini kama watoto waliofeli mtihani.

Pua hiyo hakuzaliwa nayo, mtu asikudanganye. Rodou alikuja kuolewa hapa akiwa na miaka kumi na tisa, akitokea kijiji cha juu mlimani wanakolima matufaha, ambako mvinyo ni kitu cha kununua dukani. Wiki ya kwanza tu baada ya harusi, mama mkwe wake, marehemu Theognosia, mwanamke mfupi, mkali kama pilipili, alimfunga kitambaa machoni akampangia vikombe vitatu mezani. "Kipi kimeharibika?" Rodou akakisia, akakosea. Kesho yake akakosea tena. Ikawa hivyo mwaka mzima, mpaka mumewe, Hambis, akamwonea huruma akawa anamkanyaga mguu chini ya meza ili kumpa ishara. Theognosia akaling'amua hilo, akamtimua Hambis jikoni kwa mwiko. Mwaka wa pili Rodou akaanza kupatia. Mwaka wa tatu akawa anapatia akiwa bado mlangoni.

Ukali wote ule ulikuwa na sababu yake, na sababu yenyewe ilikuwa ghalani. Mle, umezikwa ardhini mpaka kiunoni, umo mtungi mkubwa wa udongo ambao ukoo wa Hambis unauita Mtungi Mama. Aliuanzisha bibi wa bibi yake. Tangu siku hiyo haujawahi kumalizwa. Huchotwa kidogo kwa ubatizo, kwa harusi, kwa mzazi aliyejifungua, na kwa kikombe cha padri kanisani, na kila mwaka, Sikukuu ya Mtakatifu Barbara, hujazwa tena kwa kumandaria, ule mvinyo mtamu wa kwetu, mpya wa mwaka huo. Kwa hiyo mle ndani yamo matone ya zabibu zilizokanyagwa na watu ambao sasa wote wako makaburini.

Na hapo ndipo penye kazi. Mvinyo mpya ukiwa umeanza kugeuka, nawe ukaumwaga mle bila kujua, unaweza kugeuza siki vyote vilivyomo. Yalimkuta Marikkou, ng'ambo ya korongo. Alikuwa na haraka ya kwenda harusini, akamwaga bila kunusa vizuri. Pasaka ilipofika, miaka mia moja ya ukoo wake ilikuwa inafaa kwa saladi tu. Marikkou amekufa zamani, lakini mpaka leo ukimwuliza mtoto njia, atakwambia pita kwa Siki, halafu kata kulia.

Sasa, Agosti ya mwaka juzi, wiki ile ya Sikukuu ya Bikira, Rodou alishikwa na homa. Homa yenyewe ya siku nne, ya kawaida tu. Akapona, akaamka, akaoga, akaenda jikoni kukaanga vitunguu. Akaketi kando ya jiko anamenya maharage, anajiimbia. Mara Stalo, mke wa mwanawe, akaingia mbio anakohoa.

"Mama! Vinaungua!"

Rodou akainua macho. Jikoni kumejaa moshi wa bluu, sufuria nyeusi tititi, naye amekaa mita moja kutoka pale na hajasikia kitu. Moyo ukampasuka. Lakini mdomo wake ulikuwa mwepesi kuliko moyo.

"Nimevitaka hivyohivyo," akasema. "Ndivyo tulivyokuwa tukivipika kwetu mlimani."

Wakavila. Prodromos, mwanawe, akaomba vingine.

Mchana ule Rodou alijifungia chumbani na kila kitu chenye harufu alichoweza kukishika. Sabuni, kahawa, kitunguu saumu, soksi za Prodromos. Hakuna. Ilikuwa kama kunusa maji. Akapanda basi kwenda Limassol, akawaambia watu anakwenda kununua uzi, na daktari akamwambia kwamba homa hizi mara nyingine hufanya hivyo. Pua inaweza kurudi baada ya mwezi, au mwaka, au isirudi kabisa. Rodou akarudi na uzi wa rangi ambayo hakuihitaji.

Kwa nini hakusema? Aliona aibu, na aliogopa. Alikuwa na miaka sitini na minne, mjane, goti moja bovu, na katika dunia nzima alikuwa na jambo moja ambalo hakuna aliyemshinda. Halafu kulikuwa na Elengou.

Elengou alikuwa dada mkubwa wa marehemu Hambis. Alizaliwa katika nyumba ile, akaolewa nyumba ya nne kutoka pale, na kwa miaka arobaini na mitano hakusamehe kwamba kwa desturi yetu Mtungi Mama humwendea mke wa mwana, si binti wa nyumba. "Aliyetoka tumboni mwa Theognosia ni mimi," alikuwa akisema dukani, kwa sauti, ili ifike. "Lakini mtungi kapewa muuza matufaha." Naye alikuwa na pua. Pua ya pili ya kijiji, na hiyo "ya pili" ndiyo iliyokuwa ikimchoma. Rodou alijua wifi yake akisikia habari hizi, kufika adhuhuri zitakuwa zimefika mpaka kwa samaki wa Limassol.

Basi akanyamaza, akaingia msimu wa mavuno bila pua. Zabibu zilipoanikwa juani siku kumi, alizipima kwa vidole. Zilipokamuliwa na ule uji wake mzito kutiwa kwenye mitungi mitatu ya mwaka huo, aliweka sikio kwenye udongo na kusikiliza ukichemka wenyewe bila moto. Hayo yote aliyaweza. Kuzisikia harufu ndiko alikoshindwa, na Desemba, mwezi wa Mtakatifu Barbara, ilikuwa inakuja.

Mwezi wa kumi Panteli, yule kiziwi kidogo mwenye mbuzi, akapanda ngazi na kichupa chake. Bahati mbaya, au nzuri, Elengou alikuwepo kibarazani, amekuja kulalamika kuhusu kuku.

"Rodou, hebu ninusie hiki," akasema Panteli.

"Wifi aanze," Rodou akasema haraka. "Yeye ndiye mkubwa."

Elengou akamtazama kama amesikia jiwe likizungumza. Miaka arobaini na mitano hajawahi kutangulizwa. "Aa, hapana, anza wewe. Nyumba ni yako."

"Siwezi kukutangulia, wifi."

"Nami siwezi kukuvunjia heshima."

"Nitarudi kesho?" akauliza Panteli.

Rodou akaona hakuna pa kukimbilia. Akakipitisha kichupa chini ya pua, hakusikia kitu, na kwa usalama akakunja uso kidogo tu, kiasi cha mtu aliyeona nzi.

"Umeharibika!" Elengou akadakia papo hapo, kichupa kikiwa bado mkononi mwa Rodou. "Mimi nimeusikia tangu ulipokuwa ngazini, Panteli. Siki tupu!"

Panteli akaenda zake, mnyonge. Rodou akabaki kibarazani, hajui kama alichokifanya ni haki au dhambi.

Ikaja Sikukuu ya Mtakatifu Barbara. Rodou alikuwa amekwisha kujaribu kila hila. Alionja, lakini ulimi ulimwambia utamu tu, na utamu wa zabibu zilizokauka juani unaweza kuficha hata maiti. Alitafuta vile vijinzi vinavyopenda siki, lakini baridi ilikuwa imeviua vyote. Alimleta paka. Paka akanusa mtungi wa kwanza, akapiga chafya. Akanusa wa pili, akapiga chafya. Wa tatu, chafya. Rodou akamwita mpumbavu, akamtoa nje.

Mwisho akachagua kwa macho. Mtungi wa kwanza ulikuwa na ukungu bado. Wa tatu ulichelewa kuchemka. Wa kati ulikuwa umetulia, unang'aa, rangi ya chai ya rangi iliyokolea. Akasema moyoni, huu ndio, ee Mtakatifu Barbara, nishike mkono. Akangoja Prodromos aende kanisani, akafungua Mtungi Mama peke yake, akachota jagi moja kutoka mtungi wa kati, akamimina. Akachota la pili.

Stalo akatokea mlangoni na kikombe cha kahawa. Alisimama kwenye kizingiti, hakuvuka. Alikuwa mtoto wa Larnaka, anafanya kazi saluni siku tatu kwa wiki, na tangu alipoolewa baada ya Pasaka Rodou alikuwa amempiga marufuku kukanyaga mle ndani kwa sababu ya manukato na mashampuu yake. Akanyoosha shingo, akakunja pua.

"Mama, nani kafuta rangi ya kucha humu?"

"Kucha gani? Mimi nina kucha za kupaka rangi?" Rodou akajibu, jagi limeinuliwa.

"Basi kuna ile dawa yake. Mpaka hapa naisikia. Inatoka kwenye hilo jagi."

Mikono ya Rodou ikakauka hewani. Theognosia hakujua dawa ya kucha, lakini alikuwa na jina lake la kitu hicho: harufu ya seremala, aliiita, yaani vanishi, ile inayotangulia siki kwa wiki chache. Ukiisikia, alisema, usiulize mara mbili, toa mtungi nje. Na Rodou alikuwa amekwisha kumwaga jagi zima la seremala ndani ya Mtungi Mama.

Akaliweka jagi chini polepole. Akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Stalo," akasema, "mimi sisikii harufu. Tangu Agosti. Sisikii chochote."

"Najua," akasema Stalo.

"Unajua nini?"

"Tangu vile vitunguu, Mama."

"Na Prodromos?"

"Huyo? Si uliona alivyoomba vingine."

"Mbona hukusema, wewe mtoto?"

"Ningesema nini? Ulinifukuza ghalani kwa ajili ya shampuu. Ningekwambia pua yako imekufa, ungenirudisha Larnaka na basi la jioni."

Rodou akataka kukasirika, lakini hasira haikuja. Kilichokuja kilikuwa kitu kingine, kama mtu aliyebeba gunia miezi minne akasikia mkono wa mwingine umeshika pembe moja. Akavuta pumzi mpaka chini kabisa. Hofu ilikuwa bado ipo, tena kubwa, lakini hakuwa nayo peke yake.

"Ingia," akasema.

"Nimejipaka krimu ya mikono."

"Kanawe kwa majivu, uingie!"

Stalo akanawa, akainama kwenye mitungi mitatu mmoja mmoja. Wa kwanza, akasema, unanukia unga mbichi wa mkate. Hauna ubaya, ila bado. Wa kati, rangi ya kucha, na akarudi nyuma, mkono puani. Wa tatu akakaa nao kidogo. "Huu ni mzuri," akasema. "Sijui niseme nini. Kama sharubati ya maganda matamu ya mkarubi aliyokuwa akiipika babu yangu, halafu mtu akamenya chungwa pembeni."

"Na Mama? Mtungi Mama?"

Stalo akauinamia, akanusa, akanyanyuka hana raha. "Naisikia bado ile dawa, Mama. Juujuu. Sijui kama ni ya mle au imenikaa puani. Tena mimi sijui unavyotakiwa kunukia."

"Si ulikunywa harusini kwako!"

"Siku ile nilikuwa sijui hata jina langu."

Basi, alikuwa anahitajika mtu anayeujua Mtungi Mama. Na duniani palikuwa na mtu mmoja tu wa namna hiyo aliyebaki. Rodou alifikiri, heri nife. Kisha akafikiri juu ya jagi lile likizama mle ndani, juu ya Theognosia na Hambis na wengine wote, na juu ya watoto wa karne ijayo wakiambiwa wapite kwa Siki ya Pili, halafu wakate kulia. Akatoka na aproni yake vilevile, akapita milango mitatu, akabisha wa nne.

Elengou alifungua, akaanza, "Kama ni habari ya kuku wako..."

"Wifi," Rodou akasema, "nimemwaga mvinyo mbovu kwenye Mtungi Mama. Jagi moja. Sikusikia kwa sababu sina pua, imekufa tangu Agosti, nimewaficha wote. Njoo unuse. Ukimaliza unaweza kwenda kunitangaza mpaka Limassol, sitakuzuia. Lakini njoo kwanza."

Maneno yote hayo aliyasema kwa pumzi moja, akayatema kama mifupa. Akangoja kichapo. Elengou alichukua shali yake, akafuata.

Ghalani, Elengou akasimama juu ya Mtungi Mama. Akasimama. Akaendelea kusimama. Kisha yule mama wa miaka sabini na moja akageuka, akaiona ile ndoo iliyopinduliwa, akaikalia.

"Rodou," akasema, "mimi nina miaka kumi na moja sisikii hata moshi."

"Unasema nini?"

"Tangu ile baridi ya mwaka aliokufa mume wangu Yakovos. Pua ilijifunga, haikufunguka tena."

"Mbona unanusa mvinyo wa kijiji kizima!"

"Sinusi chochote. Nakutazama wewe usoni. Ukikunja, nasema mbovu. Ukitulia, nasema mzuri. Nahakikisha nimesema kabla yako, basi."

Rodou akakumbuka ule mwezi wa kumi kibarazani, wifi aanze, hapana anza wewe. "Panteli!" akapiga kelele. "Mungu wangu, tumemfanyia nini Panteli?"

"Panteli yuko salama," Stalo akasema, na sauti ilianza kumtetemeka. "Nilikutana naye dukani. Anautia kwenye saladi kila siku. Analalamika kwamba siki ya mwaka huu ina utamu."

Hapo ndipo Elengou alipoanza. Kicheko kilimtoka kwanza puani, hiyohiyo isiyofanya kazi, kikashuka mabegani, kikamtikisa mpaka ndoo ikagonga sakafu. Rodou akashika ukuta. Walicheka wakalia, wakaitana waongo, wazushi, wazee wasio na haya. Pua mbili kubwa za kijiji, na wala hakuna pua! Miaka arobaini na mitano hawakuwahi kucheka pamoja hata harusini, na sasa waliangukiana shingoni mbele ya Mtungi Mama uliokuwa huenda unakufa.

"Basi," Elengou akasema mwishoni, akijifuta kwa shali. "Tumecheka. Sasa tufanye kazi. Pua sina, kumbukumbu ninazo. Mwaka wa theluji kubwa marehemu mama alikosea hivihivi. Hukuwepo wewe. Hakumwambia mtu."

"Theognosia? Alikosea?"

"Nusu jagi. Alilia siku nzima. Halafu akaujaza mtungi mpaka mdomoni kwa mvinyo mzuri, pasibaki hata nafasi ya hewa, akauziba kwa udongo, akauacha siku tisa. Mtungi ukiwa na nguvu, utalimeza lile baya. Ukishindwa, siku ya tisa harufu yenyewe itakupokea mlangoni."

Wakaujaza kutoka mtungi wa tatu, jagi baada ya jagi, Stalo akinusa kila moja kabla halijamiminwa. Wakauziba. Ule mtungi wa kati Prodromos aliutoa uani aliporudi kutoka kanisani, na ndipo alipoelezwa yote tangu mwanzo. Alisikiliza kwa makini sana, akajikuna kichwa.

"Kwa hiyo vile vitunguu vilikuwa vimeungua?" akauliza.

Siku tisa zikaanza kuhesabiwa. Elengou akawa anakuja kila asubuhi na kiti chake mwenyewe, kana kwamba vya Rodou vina kunguni, anaketi jua la ukutani, anakunywa kahawa ya Rodou na kuikosoa. Rodou akamfunga Stalo kitambaa machoni, akampangia vikombe vitatu. "Kipi kimeharibika?" Stalo akapatia. Wakabadilisha, akapatia. Wakamwekea vyote vitatu vizuri, ili kumtega, akawaambia wasimpotezee muda.

"Mimi ilinichukua miaka miwili," akasema Rodou, nusu kwa wivu, nusu kwa furaha.

"Wewe ulitoka kwenye matufaha," akasema Elengou.

Lakini mchana, kazi zikiisha, Rodou alikuwa akienda kusimama peke yake mbele ya mlango wa ghala, mkono juu ya mbao. Kilichomuuma si kijiji kingesema nini, hilo lilikuwa limekwisha kumtoka. Aliwaza kwamba alikabidhiwa kitu kimoja tu, na huenda amekiua kwa sababu ya kiburi, kwa sababu hakutaka kumwambia mtu mmoja neno moja. Akamwomba Mungu amnyang'anye pua moja kwa moja, haina shida, ila amwachie mtungi.

Siku ya tisa walikwenda wote wanne asubuhi, jua limeshachomoza juu ya mashamba yaliyopukutika. Prodromos akafungua mlango akakaa kando. Wale wazee wawili wakamtazama Stalo. Stalo akasimama kizingitini, akavuta hewa.

"Hakuna," akasema.

"Hakuna nini? Sema vizuri!"

"Hakuna kitu kilichonipokea, Mama. Udongo tu na mawe."

Prodromos akabandua ule udongo, akainua kifuniko. Stalo akapiga magoti, akakusanya nywele zake kwa mkono mmoja, akaingiza kichwa kwenye mdomo wa Mtungi Mama. Akakaa humo. Elengou akaanza kusali kwa sauti, akakosea maneno, akaanza upya. Rodou hakusali. Alikuwa anatazama mgongo wa yule binti, anatafuta uso asiuone, na kwa mara ya kwanza akaelewa Elengou alivyoishi miaka kumi na moja.

Stalo akatoa kichwa.

"Ile dawa haipo," akasema. "Haipo kabisa. Nimeitafuta mpaka nimechoka, Mama. Imemezwa."

Elengou akapiga ishara ya msalaba mara tatu, akaketi sakafuni na sketi yake nzuri. Prodromos akamkumbatia mkewe kwa nyuma, mikono yake ikamwachia udongo kifuani. Rodou akashika ukingo wa mtungi. Alikuwa amejiandaa kwa kilio kimoja, kikaja kingine, cha upole, kikamtiririka bila kelele. Mzima. Mtungi ulikuwa mzima.

"Lakini kuna mambo mengi mle," Stalo akaendelea, kama anayejisemea, akarudi kuinama. "Zabibu kavu, hizo ni rahisi. Lozi, zile za sukari mnazogawa harusini. Sanduku la mablanketi la mtu mzee. Kahawa iliyobaki chini ya kikombe. Na kuna kitu kingine nyuma kabisa, ngoja nikikamate..." Akavuta hewa tena. "Mshumaa. Si unaowaka. Uliozimwa sasa hivi."

Rodou akamshika bega.

Huo mshumaa hakuwahi kumwambia mtu. Theognosia hakuutaja hata siku moja, Hambis hakuusikia, na Elengou, alipotupiwa jicho, alitikisa kichwa. Rodou aliukuta mle peke yake mwaka wake wa tatu, na tangu hapo kila Sikukuu ya Mtakatifu Barbara ndio aliokuwa akiutafuta kwanza, kimyakimya, kabla ya kumimina. Akiupata, alijua kuwa wote waliotangulia wamo. Tangu Agosti alikuwa ameamini kwamba hatakutana nao tena maisha yake yote.

"Rudia," akasema.

"Huo mshumaa?"

"Yote," akasema Rodou, akafumba macho. "Polepole. Anzia kwenye zabibu."